Sababu ya Puto Kupotea

Mtaani kwetu Temeke watu waliamini kwa miaka mingi kwamba ninauza maputo. Siwalaumu. Nilitoka asubuhi nikiwa nadhifu, nikarudi jioni nina unga mweupe mpaka kwenye viwiko, na mara moja moja mkobani mwangu mlikuwa na kipande cha mpira uliopasuka ambacho watoto wa jirani walikigombania. Mama yangu akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Anarusha maputo ya serikali," kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishie hapo. Alinisomesha kwa kukaanga mihogo na kuuza barafu za ubuyu, nami nadhani alitarajia kitu kizito kidogo kuliko puto.

Sikujisumbua kueleza. Nina ukaidi huo: mtu akinidharau, namwacha adharau mpaka achoke mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kupima upepo wa juu. Upepo wa chini kila mtu anausikia, unapeperusha nguo kambani na vumbi machoni. Wa juu hauonekani, na huko ndiko ndege zinakopita na mvua inakotoka. Basi tulikuwa tunajaza puto gesi ya haidrojeni, tunalipima kwa mizani ili tujue litapanda mita ngapi kila dakika, tunaliachia, halafu tunalifuata kwa tiodolaiti. Hiyo ni darubini ya miguu mitatu yenye duara mbili za namba. Duara moja inakuambia umeinua jicho digrii ngapi, nyingine inakuambia umegeukia upande gani. Ukijua puto liko juu kiasi gani na limeelekea wapi, unajua ni upepo upi uliolisukuma. Zamani kituo kilikuwa kinafunga chini ya puto kisanduku cha redio kinachotuma habari za joto na unyevu kutoka huko juu. Nilipoajiriwa, visanduku vilikuwa vimebaki boksi tatu. Mwaka wangu wa pili haukuisha vikawa vimekwisha, na fedha za kuagiza vingine zikawa hazipo. Tukabaki na maputo matupu na macho yetu.

Aliyenifundisha kazi nitamwita Mzee tu, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita kwa miaka sita. Alikuwa mwenyeji wa Kinondoni, mwembamba, kofia yake safi wakati wote, na alikuwa na majivuno juu ya kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni macho yake. Wapo watu wanaojisifu kwa watoto wao au kwa nyumba zao. Yeye alijisifu kwa jicho lake la kulia. La kulia lilikuwa la puto, la kushoto la kusomea namba, na hakuwahi kuyabadilishia kazi. Alikuwa akituambia, mimi na yeyote aliyepita karibu, kwamba kituo kizima hakijawahi kupata mtu aliyelifuata puto mpaka pale alipolifuata yeye. Kwa kuwa wenzake wa zamani walikuwa wamestaafu au wamefariki, hakukuwa na wa kumbishia.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni mwa banda la gesi.

"Hiyo nini?"

"Blauzi, mzee."

"Nailoni. Nje."

Haidrojeni haitaki utani. Cheche ndogo ya nguo inayosuguana inatosha kuondoka na banda na waliomo. Ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imeanza kumwagika, na karibu kila blauzi nzuri niliyoweza kuipata ilikuwa ya nailoni. Nikawa nafika kazini nimependeza, halafu kabla ya kuingia bandani navua yote na kujifunga kanga mbili za pamba za bibi yangu. Mzee alizikagua kanga zile kwa vidole kama mnunuzi, akaridhika. Nadhani aliziheshimu kuliko cheti changu.

Gesi tuliitengeneza wenyewe kwa kostiki na vipande vya alumini. Miaka ya nyuma, sabuni ilipoadimika, kostiki ile ilikuwa na wapenzi wengi, maana kina mama waliitaka ya kupikia sabuni, na Mzee akaifungia kwa kufuli mbili. Sabuni iliporudi madukani, za kila rangi na kila harufu, hakuna aliyeiulizia tena kostiki, lakini kufuli zilibaki mbili. Maputo nayo yalitufikia yakiwa yamekaa sana ghalani huko yalikotoka, mpira umekakamaa. Tuliyaloweka kwenye maji ya moto, katika sufuria kubwa ya pilau ambayo Mzee aliiazima kwa mkewe na hakuirudisha. Tuliyakausha, tukayapaka unga yasigandane, ndipo tukayajaza.

Sheria yake kubwa kuliko zote ilihusu watu wawili wa darubini. Mmoja ni mtazamaji, mwingine ni mwandishi. Mwandishi anashika saa na fomu. Dakika ikitimia anasema, "Soma." Mtazamaji anasoma pembe mbili, ya juu na ya pembeni. Mwandishi anaandika. Basi. Hagusi darubini, hatoi maoni, harekebishi.

"Andika ninachosema," Mzee aliniambia. "Usiandike unachofikiri. Ukianza kuandika unachofikiri, puto la nini?"

Chini kabisa ya fomu palikuwa na kisanduku cha kuandika sababu ya puto kupotea, na orodha ya sababu ilichapishwa pembeni yake: mawingu, umbali, kupasuka. Zilikuwa tatu tu, na kwa miaka yangu minne ya kwanza hizo tatu zilitutosha.

Kusi la mwaka wangu wa sita lilipoanza, mkuu wa kituo alituita ofisini kwake. Alikuwa mtu mwema, wa makaratasi, ambaye hakuwa amegusa puto kwa miaka mingi. Alifungua droo, akaifunga, akaifungua tena. Akasema serikali inapunguza watu kila mahali, tumesikia wenyewe, na sehemu yetu ya watu wawili itabaki na mtu mmoja na kibarua wa kumsaidia. Jina la atakayeondoka litapelekwa baada ya miezi mitatu. Akasema hataki kuonea mtu. Atakayebaki ni yule ambaye kazi yake inaonekana.

Mzee alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Siku yake alikwisha kuipanga zamani: atarusha puto la saa tisa alasiri, atalifuata mpaka mwisho, atafunga darubini kwenye sanduku lake, ataaga. Tulipotoka ofisini kwa mkuu alikwenda moja kwa moja mpaka bandani, ndipo akasema, "Mtu aondoke kwa miguu yake. Asibebwe kutolewa nje kama kabati."

Nami nilitaka kubaki, nalisema wazi. Mama alikuwa ameacha mihogo kwa sababu ya magoti, na nyumba ilinitegemea mimi. Lakini hata kama tungekuwa na uwezo, ningetaka kubaki. Nilikuwa naipenda ile kazi. Nilipenda ile dakika ya kwanza puto linapokuponyoka mkononi na kamba inakuacha na baridi kidogo kwenye vidole.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo mkuu hakulijua. Kwa karibu mwaka mzima Mzee alikuwa anapoteza maputo mapema. Dakika ya kumi na tano, dakika ya kumi na mbili, anainua kichwa na kusema, "Limepotea. Andika mawingu." Mara ya kwanza niliangalia juu kutafuta wingu, nikaona buluu tupu kutoka Mtoni mpaka baharini. Nikaandika mawingu. Mara ya pili sikuangalia juu. Akigeukia jua niliona ndani ya jicho lake la kulia ukungu mwembamba, wa rangi ya maji ya mchele. Bibi yangu alikuwa nao kabla hajaacha kututambua kwa sura. Wazee wanauita mtoto wa jicho.

Sikusema. Niliandika alichosema, kama alivyonifundisha, na nikajiambia kwamba huko ndiko kutii.

Siku yenyewe ilikuwa ya utulivu. Anga kavu, kusi linavuma kidogo tu, vipande viwili vitatu vya wingu vinapita bila haraka. Saa tisa kamili niliachia puto jeupe, Mzee akaliwahi kwenye darubini, tukaanza. "Soma." Anasoma. "Soma." Anasoma. Puto lilikwenda kaskazini polepole, juu sana, na yeye alilishika vizuri kuliko siku nyingi. Nilimfurahia. Dakika ya ishirini na saba wingu likapita, safari hii la kweli kabisa, na akanyamaza.

"Soma," nikasema.

"Ngoja."

Dakika ya ishirini na nane hakuna. Ya ishirini na tisa hakuna. Aliizungusha darubini taratibu, kushoto, kulia, juu kidogo, midomo ikichezacheza. Dakika ya thelathini akasema, "Ninalo," na sauti yake ikawa ya kijana.

Kuanzia hapo halikupotea tena. Dakika thelathini na tano, arobaini, arobaini na tano. Maputo yetu yale ya kuloweka yalikuwa nadra kufika huko. Mzee alianza kusoma kwa madaha, akiziburuza namba. Mimi niliandika, na nadhani ilikuwa kwenye dakika ya hamsini nilipotazama safu niliyokwisha kuijaza, nikarudi kuisoma tangu juu.

Pembe ya pembeni ilikuwa inasogea nusu digrii kila dakika. Sio karibu nusu. Nusu, na nusu tena, na nusu. Pembe ya juu ilikuwa imesimama karibu pale pale, ikianza kushuka kidogo kidogo. Upepo hauendi hivyo. Namba za upepo zinarukaruka, zinanuna, zinabadili nia. Hizi zilikuwa zinatembea kama mshale wa saa, na kitu pekee angani kinachotembea hivyo ni kile ambacho hakitembei kabisa, bali sisi ndio tunaogeuka chini yake. Mwezi ule kila baada ya magharibi nyota ya Zuhura ilikuwa inawaka upande wa machweo, juu ya mapaa ya Temeke, kubwa mno, hata mama alikuwa ameizungumzia. Mchana haionekani kwa macho. Kwenye darubini inaonekana, nukta nyeupe, saizi ya puto la mbali.

Mzee alikuwa ameliacha puto kwenye wingu na kuishika nyota.

Nilifungua mdomo. Hapo hapo mkuu wa kituo akatokea na kikombe cha chai mkononi, akauliza tuko dakika ya ngapi. Nilimwambia. Akasogea, akahesabu mistari ya fomu kwa kidole.

"Mzee, bado unalo tu?"

"Lenyewe ndilo halitaki kuniacha."

"Mie sijawahi kuona hii hapa kituoni," mkuu akasema. "Hii lazima makao makuu waione. Kesho asubuhi niletee hiyo fomu, naiingiza kwenye ripoti." Alikuwa amefurahi kweli. Kisha akanitazama mimi, akatazama chai yake, na nikajua anafikiri nini. Kazi ya mmoja wetu ilikuwa imeonekana.

Sitaki kujisafisha. Kabla mkuu hajaja, kulikuwa na dakika moja au mbili ambazo nilifurahi. Niliwaza kwamba kosa hili halina pa kujificha. Ataliona mtu wa makao makuu, Mzee ataondoka, mimi nitabaki, na nitakuwa sijasema neno baya juu ya mtu yeyote, nimeandika tu nilichoambiwa. Nimeishi na dakika zile mbili miaka yote hii na bado zinanitia aibu.

Dakika ya tisini na mbili Mzee aliinua kichwa. Jicho lilikuwa linatoka maji. "Nimechoka mie. Na alasiri inanipita. Andika umbali." Niliandika umbali. Alikwenda kutawadha akiimba puani.

Nilipobaki peke yangu nilivunja sheria. Nilisogea kwenye darubini, nikazungusha skrubu kidogo, nikatazama. Halikuwa duara. Kilikuwa kama mwezi mwandamo, kidogo na kikali, chenye pembe mbili, maana ndivyo Zuhura inavyoonekana kwenye darubini. Mtu mwenye macho mazima asingeweza kukifananisha na puto hata sekunde moja. Nililia kidogo pale, kwa hasira zaidi kuliko huruma, kwa sababu sasa nilikuwa najua na sikuwa na pa kuiweka ile habari.

Saa kumi na moja habari za upepo zilitakiwa kwenda kwa watabiri kwa redio, nami ndiye niliyezipeleka. Nilizikata kwenye dakika ya ishirini na saba. Hiyo haikuwa shida, watabiri walizoea habari fupi kutoka kwetu. Shida ilikuwa fomu, nzima, ndani ya jalada, ikingoja asubuhi na ripoti ya mkuu. Niliifunga, nikaosha mikono, na badala ya kwenda nyumbani nikaenda Kinondoni.

Nilimkuta barazani kwake na majirani wawili na muuza duka wa upande wa pili, Mwarabu mtu mzima ambaye alikuwa anasikiliza kwa adabu kubwa habari za dakika tisini na mbili. Mkewe akaniletea kahawa. Alikuwa mwanamke mcheshi na kila tukionana alinidai sufuria yake kwa utani.

"Karibu mwanangu. Na sufuria yangu haijambo?"

"Haijambo, mama. Inakusalimu."

"Leo nimeambiwa imepika mapilau ya ajabu."

Walicheka wote. Nilikunywa kahawa na sikusikia ladha yake. Adhana ya magharibi ilipoita, wageni wakaondoka kwenda msikitini na Mzee akasimama naye, nikamwambia nina neno moja, si refu. Akanifuata mpaka uani. Nyota ilikuwa pale, juu ya ukuta wa jirani, inawaka katika anga ambalo bado halijawa jeusi.

"Mzee, unaiona ile?"

"Nani asiyeiona ile."

"Leo nimeiona kwenye darubini yako. Ulipokwenda kutawadha. Ina pembe mbili."

Alinigeukia mwili mzima. Kisha akakasirika, kama nilivyojua atakasirika. "Umetoka Temeke kuja kunifundisha kazi nyumbani kwangu?"

"Hapana, mzee."

"Umegusa darubini yangu."

"Nimeigusa."

Alitoa mfukoni miwani ambayo sikuwahi kumwona ameivaa, akaipangusa, akairudisha. Niliweza kusikia redio ya jirani na mtu anasafisha koo lake msikitini kwenye kipaza sauti.

"Puto lilipotea dakika ya ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Na wewe umejua dakika ya ngapi?"

"Hamsini."

"Na ukaendelea kuandika."

"Ulinifundisha niandike unachosema."

"Nilikufundisha," akasema. Akaitazama ile nyota kwa jicho la kulia, akiwa amefumba la kushoto, kisha kwa la kushoto, akiwa amefumba la kulia. Alifanya hivyo mara mbili. Sikuwahi kumwona akilipa jicho la kushoto kazi ile. "Na yale mawingu, siku zile zote. Uliangalia juu?"

"Mara ya kwanza tu."

"Mie najuaga tangu mwaka jana," akasema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie, wewe au daktari. Kwa daktari sikwenda." Akaanza kuelekea mlangoni, akageuka. "Nenda kwenu, mama yako asingoje."

Nilikwenda, na sikujua atafanya nini. Njia nzima nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia mkuu, na kila nilipoyamaliza yalikuwa yanamfukuza Mzee au yananifukuza mimi.

Asubuhi nilipofika alikuwa amenitangulia. Jalada lilikuwa wazi juu ya meza ya mkuu, na mkuu ameketi mbele yake na mikono kichwani. Mzee alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya dakika ya ishirini na saba, kwa rula. Chini yake alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kuanzia dakika ya thelathini mtazamaji alifuata Zuhura, na kwamba mwandishi hana kosa. Kwenye kisanduku cha sababu alikuwa amefuta neno langu la umbali. Juu yake ameandika: jicho la mtazamaji.

"Mzee," mkuu akasema, "ungenyamaza hakuna ambaye angejua."

"Huyu anajua," akanionyesha kwa kidevu. "Na mie najua. Wawili, sehemu nzima."

Mkuu alijaribu. Lazima niseme hivyo kwa haki yake. Alipendekeza Mzee awe mwandishi na mimi mtazamaji, mpaka ile miaka mitatu iishe, na akaandika barua. Majibu yalikuja mafupi. Kulikuwa na nafasi moja, na kwenye fomu, ambayo kama nyingine zote ilikwisha kupelekwa makao makuu, kulikuwa na maneno ya Mzee mwenyewe. Orodha ilipotoka jina lake lilikuwemo, katikati ya madereva na makarani wa wilaya yetu yote, na halikuwa limekosewa hata herufi.

Nilitegemea atanichukia. Ningeelewa. Badala yake wiki zile za mwisho alinifundisha kwa kasi, kana kwamba ni mimi niliyekuwa na safari: jinsi ya kutambua puto lililochoka kwa harufu ya mpira, jinsi ya kusikia mtungi wa gesi unapotaka kuziba, mahali ufunguo wa kufuli ya pili ulipofichwa. Sufuria aliirudisha kwa mkewe, na siku ya pili mkewe akaituma tena kituoni, ikiwa na pilau ndani.

Siku yake ya mwisho kibarua alituandalia puto jeupe. Saa tisa ilipokaribia, Mzee hakusogea kwenye darubini. Alichukua ubao wa fomu na saa kutoka mikononi mwangu.

"Leo mie ndiye mwandishi."

Nilikaa mahali pake. Kiti kilikuwa juu kwangu, nikashusha. Aliachia puto yeye mwenyewe kwa mkono mmoja, nikaliwahi, na kwa mara ya kwanza nilisikia neno lile likielekezwa kwangu.

"Soma."

Nilisoma. Alikuwa anaandika kwa herufi kubwa, ameisogeza fomu karibu na jicho la kushoto mpaka pua inakaribia kugusa karatasi, na hakuchelewa hata dakika moja. Anga lilikuwa safi. Puto lilikwenda kaskazini na magharibi kidogo, jeupe, duara, halina pembe. Dakika ya kumi. Dakika ya ishirini. Ilipofika ishirini na saba akasema, "Soma," kwa sauti ile ile, bila mkazo, na hicho ndicho kilichonimaliza. Nilisoma. Nikasoma ya ishirini na nane. Ya ishirini na tisa darubini ilijaa maji.

"Soma."

Nilipangusa kwa ncha ya kanga, nikarudisha jicho. Palikuwa na mwanga tu, unaoyeyuka.

"Soma," akasema tena.

"Limepotea."

"Sababu?"

Niliangalia juu. Hapakuwa na wingu hata la kuombea. Ningeweza kusema umbali, na yeye angeandika umbali.

"Machozi," nikasema.

Kalamu yake ilisimama. "Hiyo haimo kwenye orodha."

"Hata yako haikuwemo, mzee."

Aliinyoosha fomu kwenye ubao. Kisha akainamia karatasi na kuiandika polepole, kwa herufi kubwa zilizovuka kisanduku pande zote mbili. Akatia saini mahali pa mwandishi, akafunga kalamu, akaniambia nifunike darubini kabla haijaingia vumbi.